Mbunifu, Muasisi au Mlengwa? Maneno ya Kuwaita Wanaoleta Mapya, kwa Mifano ya Machakos

Siku hizi huku Machakos ni shida kusikia hotuba isiyo na neno "ubunifu". Kijana aliyetengeneza programu ya simu ni mbunifu, mama aliyepanda ndengu badala ya mahindi ni mbunifu, bwana aliyeleta tangi la maji kwa lori ni mbunifu, na kaunti nzima inahimizwa iwe ya ubunifu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kazi ya kufasiri imeniweka Ukambani kwa miaka kadhaa. Nafasiri fomu za miradi, ripoti za vikundi na hotuba za kufungulia visima. Katika kazi hiyo nimeliona jambo linalotuhusu sote tunaotumia Kiswahili, wa bara na wa Pwani: neno analoitwa mtu kwenye karatasi ndilo linaloamua nani atalipwa, nani ataalikwa mkutanoni, na nani atakumbukwa kazi ikishafanikiwa.

Sisi wa Pwani hatukulelewa na uhaba wa maneno katika jambo hili. Tazama chombo kikiwa safarini. Mwenye mali ni tajiri, aliyekiunda ni fundi, anayekiamuru ni nahodha, anayejua nyota na njia ni mwalimu, msimamizi wa mabaharia ni serahangi, na mabaharia nao wana jina lao. Ukiwaita wote "wabunifu wa usafiri", watu wa bandarini watakucheka mpaka magharibi. Kila jina laeleza kazi, na kila kazi ina haki yake safari ikisharudi.

Kwa hivyo nimekusanya hapa maneno ya kuwaita watu na vikundi vinavyoongoza mambo mapya na mabadiliko, kila moja na maana yake na mahali pake. Mifano mingi ni ya Machakos, kwa sababu historia ya hapa ina karibu kila aina ya watu hao. Huu ndio mji uliokuwa kituo cha utawala wa Waingereza bara kabla ya Nairobi kuwa mji. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome hapa mwaka 1889, na jina lenyewe la Machakos latokana na Masaku, kiongozi wa Kikamba, likapindwa na ndimi za wageni.

Anayeanza

Mwanzilishi ni neno pana na la kawaida. Ni yeyote anayeanzisha kitu, kiwe duka, chama au desturi ya kukutana kila Jumapili. Halidai kwamba jambo hilo ni jipya duniani. Ladai tu kwamba hapa petu, huyu ndiye aliyelianza.

Muasisi, au mwasisi kama wengine wanavyoandika, ni zito zaidi. Asili yake ni Kiarabu, kutoka neno la msingi wa jengo, na ndugu yake ni "asasi" tunayoisikia katika "asasi za kiraia". Muasisi huweka msingi wa kitu kinachotarajiwa kudumu baada yake: taifa, chama, shule, gazeti. Aliyefungua kibanda cha viazi karai ni mwanzilishi hata kama foleni inafika barabarani. Kumwita muasisi ni kumcheza shere. Mwenye kuandika ajihadhari pia, kwa kuwa kati ya muasisi na muasi ni silabi moja tu, na utaona mbele kwamba mtu mmoja anaweza kuitwa yote mawili.

Mtangulizi ni yule aliyekuwapo kabla na kufungua njia, hata kama kilichokuja baadaye hakukianza yeye. Ni neno la heshima, na linasahaulika mno katika ripoti za miradi, ambako kila kitu huonekana kimeanza siku fedha zilipoingia. Wahenga wetu walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Mtangulizi ni mtu wa wakati wa kokochi.

Anayepata au kutoa kisichojulikana

Mgunduzi hugundua kitu ambacho kipo lakini kimejificha: ugonjwa, kosa katika hesabu, chemchemi ya maji. Mvumbuzi awali alikuwa na maana hiyo hiyo ya kufichua kilichofichika, lakini siku hizi latumika pia kwa aliyetengeneza chombo kipya. Ukitaka kuyatenganisha, mpe mgunduzi jambo lililokuwapo, na mvumbuzi chombo au njia mpya.

Neno mvumbuzi lina deni la kihistoria. Vitabu vya shule vya zamani viliwaita hivyo Wazungu waliosafiri bara. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyekuwa na makao Rabai, aliuona Mlima Kenya mwaka 1849 akiwa Kitui, jirani zetu hapa. Aliyekuwa mwenyeji wake ni Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, wa kabila ambalo misafara yake ilikuwa ikija Pwani na pembe za ndovu. Kivoi aliujua mlima huo na ndiye aliyemsimulia. Hata hivyo vitabu vilimwita mmoja mvumbuzi na mwingine mwenyeji, na watoto wetu wakakariri hivyo kwa mtihani. Mimi ningeandika kwamba Krapf alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona mlima na kuandika habari zake. Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, ila haimdhulumu mtu.

Mbunifu hutoa jambo akilini mwake. Kubuni kuna nyuso mbili: mtu hubuni mashine, na mtu hubuni uongo. Ndiyo maana riwaya ni "kazi ya kubuni" bila kuwa tusi. Huku Kangundo na Matungulu, ambako kahawa inalimwa, wakulima wanaita buni kahawa iliyokaushwa na maganda yake, na wazee hupenda kutania kwamba mashambani kwao ubunifu huanikwa juani. Mzaha kando, mbunifu awe na kitu ambacho hakikuwapo kabla yake, hata kama ni kidogo: umbo la jembe, mpangilio wa mfereji, mtindo wa fomu. Aliyefuata ushauri wa bwana shamba akapanda ndengu amefanya jambo la busara, na anastahili sifa yake. Sifa hiyo si ya ubunifu.

Anayeleta na kueneza

Kuna mtu ambaye hakubuni wala hakuvumbua. Alijifunza kwingine, akaja nalo kwao, na likabadilisha maisha ya wengi. Kiswahili kinamwita mwenezi, na nadhani ni neno linalostahili kutumika zaidi ya siasa za vyama, ambako tumelizoea katika cheo cha katibu mwenezi.

Mfano wake bora ni Mutisya Munge wa Wamunyu, hapa Machakos upande wa Mwala. Historia ya uchongaji wa Kikamba inamtaja kuwa ndiye aliyejifunza kuchonga vinyago kutoka kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi Wamunyu aliendelea kuchonga, akauza, na majirani wakajifunza. Mji mzima ukawa wa wachongaji. Kutoka hapo ufundi huo ulishuka Pwani, na mwaka 1963 ukaundwa ushirika wa wachongaji wa Kikamba wa Mombasa, ule ulioko Changamwe, ambao watalii hupelekwa kwa mabasi na ambao madereva wa matatu hawahitaji kuelezwa uko wapi.

Angalia mzunguko huo. Ufundi ulitoka kwa watu wa Pwani ya Tanganyika, ukapanda Ukambani, ukarudi Pwani ya Kenya. Sisi tunaokiona kinyago cha twiga Changamwe hudhani ni jambo la Kikamba tangu Adamu. Kumwita Munge mbunifu wa uchongaji ni kuwanyima Wazaramo haki yao. Kumwita mwigaji ni kumnyima yeye yake. Alikuwa mwenezi wa ufundi, na kwa Wamunyu ni muasisi wa uchongaji wa kuuza. Maneno mawili, na kila upande umepata chake.

Jirani wa mwenezi ni fundi. Kwa Waswahili fundi si mtu wa kurekebisha vitu tu. Ni ajuaye kazi hadi aweze kuifundisha, na anayefundishwa ni mwanagenzi. Mabadiliko mengi ya kweli husafiri kwa njia hiyo, kutoka mkono wa fundi hadi mkono wa mwanagenzi, bila kongamano.

Anayeongoza na kuamsha

Kiongozi tunalitumia leo kwa rais na kwa kiranja wa darasa. Zamani za misafara, kirongozi alikuwa mtu wa kazi maalumu: alitembea mbele ya wapagazi na bendera mkononi, akijua njia, vituo na visima. Hakuwa mwenye bidhaa wala mwenye msafara. Misafara ya kwenda Uganda ilipita Machakos kupata chakula, kwa hivyo neno hilo lilisikika sana katika vilima hivi. Nalipenda kwa sababu lakumbusha kwamba kuongoza ni kutangulia kwa miguu yako mwenyewe.

Kwa Kikamba kiongozi ni mutongoi. Msomaji wa Pwani asicheke. Najua kutongoza kwetu ni kazi nyingine kabisa.

Kinara, ambalo asili yake ni kishikio cha taa, limekuwa neno la magazeti ya Kenya kwa wakuu wa miungano ya kisiasa. Lafaa kwa anayeonekana mbele ya wengine. Halisemi kama ndiye afanyaye kazi.

Mhamasishaji huwatia watu hamasa. Mashirika yanamtumia kwa maana ya anayepita vijijini kuitisha mikutano. Ni kazi halali, lakini aliyehamasisha watu wachimbe mtaro hakuchimba mtaro.

Mwenye maono huona mbali kabla ya wengine. Siku hizi latolewa bure kwa kila mgombea ugavana. Ukambani lina mwenyewe. Ni Syokimau, mwanamke mwonaji wa karne ya 19, ambaye masimulizi yanasema alitabiri kuja kwa nyoka mrefu wa chuma kutoka baharini, yaani reli. Jina lake limebaki kwenye mtaa ulioko Kaunti ya Machakos na kwenye stesheni ya treni iliyofunguliwa humo mwaka 2012. Syokimau hakuijenga reli wala hakuitaka. Mwenye maono huona tu. Wa kutenda ni wengine, na heri tusiwachanganye.

Anayebadili utawala

Hapa Kiswahili kina ngazi tatu zilizo wazi. Mabadiliko ni neno lisilo na upande: mambo yamekuwa tofauti, yakawa mazuri au mabaya. Mageuzi ni mabadiliko ya mfumo yanayotafutwa kwa makusudi. Mapinduzi, kutoka kupindua, ni kugeuza chini juu, kama Zanzibar mwaka 1964. Kwa hivyo tuna mwanamageuzi na mwanamapinduzi, na si sawa kumwita mmoja kwa jina la mwenzake. Kenya, waliodai vyama vingi mpaka kifungu cha 2A cha katiba kikafutwa mwaka 1991 waliitwa wanamageuzi. Tanzania, miaka hiyo hiyo, neno likaingia hadi katika jina la chama, NCCR-Mageuzi. Mwanaharakati ni pana zaidi, kwa kuwa harakati ni mwendo wowote wa kudai jambo. Mtetezi husimama kulinda haki iliyopo isichukuliwe.

Tofauti ya mtetezi na mwanamageuzi inaonekana vizuri katika kisa cha Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza kwa nguvu mifugo ya Wakamba, ikisema ng'ombe ni wengi kuliko ardhi na ndio wanaoleta mmomonyoko. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River kuwapokea. Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association waliongoza watu, wanaume, wanawake na watoto, kwa miguu hadi Nairobi. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka gavana awasikilize. Mwishowe serikali ilirudi nyuma na uuzaji wa lazima ukasimamishwa. Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu. Kwa hivyo historia ya Machakos ina ukurasa wake kwetu Pwani, ingawa ni wachache Lamu wanaoukumbuka.

Sasa tumwiteje? Kwenye karatasi za wakati ule, wenye "maendeleo" walikuwa ni maafisa, nao wakulima walikuwa wakaidi wanaopinga jambo jipya. Kwa serikali Mbingu alikuwa muasi. Kwa watu wake alikuwa mtetezi wa mali yao, na kwa siasa za umma Ukambani naona anastahili kuitwa muasisi. Kisa hicho chafundisha kwamba si kila anayeleta jipya ana haki, wala si kila anayelikataa yuko nyuma. Kabla ya kumpa mtu jina, uliza jambo hilo lilikuwa la nani, na gharama ilimwangukia nani.

Anayethubutu na mali yake

Mjasiriamali ni neno la maneno mawili, jasiri na mali, nalo lilitungwa vizuri: ni mtu anayethubutu na mali yake akijua inaweza kupotea. Tanzania linatumika hadi kwa mama wa vitumbua, na sawa kabisa, maana unga na nazi amenunua kwa fedha yake. Kenya tuna jua kali, jina la mafundi wanaofanya kazi chini ya jua, ambalo lilitoka mtaani likaingia mpaka kwenye waraka wa sera wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo.

Kusini mwa hapa, mahali zinapokutana kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado kando ya barabara ya Mombasa, kuna Konza, mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013 kwenye ekari 5,000. Habari zake zinahitaji msamiati, na Kiswahili kinao. Kampuni iliyoanza juzi ni kampuni changa au kampuni chipukizi. Mahali pa kuilea ni kituo atamizi, kutoka kuatamia, kazi ya kuku juu ya mayai. Ni neno zuri, na lasema ukweli wote: kuku huatamia, lakini kifaranga hujitobolea ganda mwenyewe.

Mdau ni mwenye dau, yaani aliyeweka kitu chake katika mchezo. Msikilize mtangazaji anapowakaribisha "wadau wote", kisha uhesabu ni wangapi kati yao waliweka chochote.

Vikundi na majina yake

Sifa kubwa ya Machakos haikutoka kwa mtu mmoja. Ilitoka kwa vikundi, na neno lake ni mwethya, kwa wingi myethya. Ni desturi ya Kikamba: mwenye kazi kubwa kuliko nguvu ya nyumba yake, kama kujenga au kulima, huita majirani, nao huja wakijua kesho yake ni zamu yao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilijaribu kuitumia desturi hiyo kwa kazi za lazima za kuhifadhi udongo, na watu wakaichukia kazi hiyo. Ilipoachwa mikononi mwao, wakichagua viongozi wao wenyewe, wengi wakiwa wanawake, matuta yakapanda milima.

Matokeo yake yalishangaza wataalamu. Katika miaka ya 1930 afisa wa udongo Colin Maher aliiandika Machakos kuwa mfano wa kutisha wa ardhi iliyoharibika. Wilaya hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni, ilikuwa na watu kama 240,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa kama milioni 1.4. Hesabu ya kawaida ingesema ardhi imekwisha. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu walichokitoa mwaka 1994, walionyesha kinyume: watu waliongezeka, mmomonyoko ukapungua, na mavuno kwa kila mtu yakaongezeka. Kitabu hicho kinasomwa katika vyuo vikuu duniani hadi leo.

Njia iliyotumika ina jina la Kiswahili linalotajwa na wataalamu wa udongo hata nje ya Afrika: fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi kwenye tuta ili lishike, na baada ya misimu kadhaa shamba linakuwa ngazi. Msemaji wa Mvita angesema "rusha udongo juu", lakini Kiswahili cha kazini bara kilishaamua. Ninalolitazama mimi ni umbo la neno hilo. Ni amri. Limehifadhi sauti ya anayeamrisha, na ulimwengu umeijua sauti hiyo kabla ya kulijua neno mwethya.

Vivyo hivyo kwa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua halifiki. Ng'ombe hawayachafui, na mtu huyachota kiangazi kwa kisima kifupi. Hapa Machakos, eneo la Kola, kikundi cha Utooni kilichoanza mwaka 1978, Joshua Mukusya akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, kimekuwa mwenezi mkubwa wa mabwawa hayo. Wageni huja kutoka mbali kujifunza. Na mawe ya kuta hizo huokotwa na kupangwa na wanachama wenyewe, tena wengi ni akina mama.

Kiswahili kina majina mengine ya kazi za pamoja, na hayalingani. Kikoa, tunavyokijua Pwani, ni watu kupokezana zamu, hasa ya kulishana. Msaragambo, linalosikika Tanga na Upareni, ni kazi ya kijiji kizima kwa faida ya kijiji, kama barabara au mfereji. Harambee ilikuwa mwito wa wanaovuta kitu kizito pamoja, kabla Jomo Kenyatta hajaifanya kaulimbiu ya taifa mwaka 1963; leo mara nyingi ni kuchanga fedha mbele ya mgeni rasmi. Chama, kwa akina mama wa Kenya, ni kuweka na kukopeshana, na mzunguko wake Pwani twauita mchezo na Tanzania upatu. Ushirika una hisa na sheria, kama ule wa Changamwe. Vuguvugu halina ofisi wala daftari. Ni joto linalopanda kwa watu wengi pamoja, na likipoa hulioni tena.

Neno "mlengwa"

Nimeliweka mwisho kwa makusudi. Katika fomu nyingi ninazopewa, wanawake wa mwethya hawaitwi wenezi, wala waanzilishi, wala mafundi. Wanaitwa walengwa au wanufaika. Mlengwa ni aliyelengwa, kama ndege kwenye manati. Yeye hatendi, hutendewa.

Niliwahi kupewa fomu ya shirika moja ambalo sitalitaja, yenye tuzo ya fedha kwa "mbunifu wa mradi". Mradi wenyewe ulikuwa bwawa la mchanga. Mhandisi aliyelichora aliandikwa mbunifu, mfadhili mshirika, na afisa wa mawasiliano mhamasishaji. Wanawake waliopachagua mahali pa ukuta kwa kujua mto ulivyo mafuriko yakija, wakabeba mawe msimu mzima, wakaunda kamati ya kulitunza, waliandikwa walengwa, na katika safu ya mchango wao paliandikwa "nguvukazi". Nilimwandikia aliyenituma kwamba neno hilo haliafiki kazi iliyoelezwa katika ripoti yake mwenyewe, nikapendekeza "wenye mradi". Nilijibiwa nifasiri kama ilivyo. Tuzo ilikwenda kwa mhandisi. Sikatai kwamba alichora vizuri.

Hilo si jambo la Ukambani peke yake. Pwani nako wanawake wa kupanda mikoko na wavuvi wanaofunga sehemu za bahari ili samaki wazae wanaandikwa hivyo hivyo. Waliojua lini maji hujaa na lini hupwa wanaitwa walengwa, na aliyekuja na boti ya kukodi anaitwa kinara wa uhifadhi.

Ukikaa kuandika ripoti, tangazo au hata shukrani za harusi, jiulize maswali manne. Jambo hili lilikuwapo kwingine? Kama ndiyo, aliyelileta ni mwenezi. Nani aliliwazia hapa mara ya kwanza? Huyo ni mwanzilishi, au muasisi likidumu. Nani aliweka chake, fedha, ardhi au mgongo? Huyo ni mdau wa kweli, na kama walikuwa wengi kwa zamu, ni mwethya au kikoa, na kikundi kitajwe kwa jina lake. Nani alisemea na kuhimiza? Huyo ni mhamasishaji, na ashukuriwe kwa hilo. Neno mlengwa libaki kwa mtu ambaye kweli hakufanya lolote ila kupokea, na ukimtafuta kwenye miradi ya Machakos utatembea sana kabla hujampata.

Chanda chema huvikwa pete. Fomu za msimu ujao zimeshaanza kufika mezani pangu, na safu ya majina bado iko wazi.